Mlio wa tak-tak kwenye injini ya turbo iliyoongezwa nguvu: ni beringi, ni tapeti au ni gasketi?

Swali: "Gari langu ni la petroli, injini yake ina silinda 4 za mstari mmoja na ujazo wa lita 2.0. Lilitoka kiwandani likiwa na turbo na limeshatembea kilomita 140,000. Miezi 3 iliyopita nilifungiwa turbo kubwa zaidi, manifoldi ya ekzosi ya mabomba yaliyochomelewa, nozeli kubwa na pampu mpya ya petroli, kisha kompyuta ya injini ikapangwa upya. Presha ya turbo ilikuwa bar 0.8, sasa inafika 1.4. Ndani ya injini hakijaguswa kitu. Siku hizi asubuhi, injini ikiwa baridi, inalia tak-tak-tak, mlio unaopungua sana baada ya dakika 10 hivi. Lakini nikipanda mlima kwa gia ya 4, kati ya mizunguko 2,500 na 3,500, nasikia kitu kingine, kama changarawe zinazotikiswa kwenye kopo la bati. Fundi wa kwanza amesema injini imenoki, ifunguliwe. Wa pili amesema ni tapeti, niweke oili nzito zaidi. Nimsikilize nani?"

Jibu: Ndugu msomaji, kabla ya yote nakuomba usikanyage gari hilo kiasi cha turbo kuanza kusukuma upepo mpaka utakapomaliza vipimo viwili vya kwanza nitakavyovieleza, kwa sababu mojawapo ya magonjwa yanayoweza kulia hivyo huimaliza injini kwa dakika chache, ilhali mengine yanaweza kusubiri hata mwezi. Ndiyo maana mpangilio wa kupima na mpangilio wa kushuku havifanani. Ukiniuliza ninachodhani, nitakujibu kwamba una milio miwili tofauti: ule wa asubuhi unatoka kwenye gasketi ya manifoldi mpya ya ekzosi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda), na ule wa mlimani ni petroli inayojilipukia ovyo ndani ya silinda. Hata hivyo, vitakavyopimwa kwanza ni beringi za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenkishafti, mhimili mkuu wa injini), ambazo kwa maelezo yako siziwekei hata nafasi ya pili, kwa kuwa ukikosea juu yake hakuna njia ya kurudi.

Sehemu ya mkanganyiko wako inatokana na neno lenyewe. Gerejini tukisema injini imenoki, kwa kawaida tunamaanisha kwamba beringi za konrodi zimelika, nafasi kati ya beringi na krenkishafti imezidi, na konrodi inaigonga krenki kila pistoni inapogeuza mwelekeo. Wanaopanga kompyuta za injini nao wana noki yao, na ni jambo jingine kabisa: moto ulioanzia kwenye plagi unasambaa kwa utaratibu, lakini sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli ambayo bado haijafikiwa inabanwa na kupata joto mpaka inajilipukia yenyewe kwa mkupuo, na mawimbi ya mlipuko huo yanazitikisa kuta za silinda. Hii ya pili nitaiita detonesheni, na ile ya kwanza mgoto wa beringi, ili tusichanganye chuma na moto. Zinahusiana kwa namna moja mbaya, kwamba detonesheni ikiachwa huzaa mgoto wa beringi, kwa maana kila mlipuko wa namna hiyo ni nyundo juu ya kichwa cha pistoni, na nyundo hiyo hupokelewa chini na nusu ya juu ya beringi ya konrodi.

Kulaumu kifaa kisichohusika ni kosa la tangu zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1910, Charles Kettering wa Marekani alipoleta mfumo wa kuwasha injini kwa umeme wa betri, watu waliosikia injini zao zikigonga waliutupia lawama mfumo huo mpya, na ilibidi msaidizi wake, Thomas Midgley, afanye utafiti kwa miaka kadhaa kuonyesha kwamba chanzo ni petroli na jinsi inavyoungua. Nakumbusha hilo kwa sababu kwenye gari lililoongezwa nguvu, kitu cha mwisho kuguswa hushukiwa kwanza, na mara nyingi kwa haki. Kwako vitu vya mwisho kuguswa ni vingi, na kila kimoja kina sauti yake.

Mlio wa injini hutii mambo matatu: mzunguko, mzigo na joto. Mlio wako wa asubuhi unapungua joto linapopanda, na hilo peke yake linaitetea sana beringi. Oili baridi ni nzito na huziba nafasi iliyozidi, kwa hiyo beringi iliyolika kwa kawaida hunyamaza au huguna kidogo asubuhi, halafu huanza kugota kwa sauti nzito ya chini pale oili inapopata moto na kuwa nyepesi, hasa ukishikilia mizunguko 2,000 hadi 3,000 kwa mguu mwepesi au ukiuachia ghafla. Wewe umeeleza kinyume chake. Siifuti shaka yote, kwa sababu beringi iliyoharibika sana huweza kugonga kwa sekunde chache mara tu unapowasha, kabla presha ya oili haijafika. Lakini hizo ni sekunde, wala si dakika 10. Kwa upande mwingine, manifoldi ya mabomba iliyofungwa vibaya huvuja ikiwa baridi, na kadiri chuma kinavyotanuka mwanya hujifunga wenyewe na mlio ukafifia. Ukanyagaji nao ni shahidi. Mvujo wa ekzosi hukolea mara tu unapoipa injini kazi, kwa sababu moshi unatoka kwa nguvu zaidi, wakati tapeti, kile kipande kinachosukuma vali, haijali kama gari linapanda au linashuka.

Sasa naweza kueleza kwa nini fundi wako wa pili alisikia tapeti, na simlaumu. Kamshafti, mhimili unaofungua vali, huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Injini ikinguruma bila kukanyagwa, kwenye mizunguko 900 kwa dakika, krenki inazunguka mara 15 kwa sekunde na kamshafti mara 7 na nusu. Tapeti moja iliyolegea hugonga kwa kasi ya kamshafti. Lakini silinda moja ya ekzosi nayo hutoa moshi mara moja kila mizunguko miwili ya krenki, kwa hiyo mvujo kwenye silinda hiyo hupiga mdundo uleule wa 7 na nusu kwa sekunde. Sikio lililozoea linaweza kutenganisha mdundo huo na mgoto wa beringi, ambao kwa kawaida husikika kwa kasi ya krenki yenyewe, ila haliwezi kutenganisha tapeti na gasketi kwa kuhesabu tu. Hapo hutakiwi kusikiliza zaidi, unatakiwa kupima.

Kipimo cha kwanza ni presha ya oili. Usitegemee taa nyekundu ya kwenye dashibodi, kwa sababu kwenye magari mengi huwaka presha ikiwa imeshaporomoka chini ya bar 0.5 hivi, na kufikia hapo maelezo hayana faida. Hakikisha kwanza kipimio cha oili kinaonyesha kiwango sahihi, kisha fungua swichi ya presha, funga geji ya mkono mahali pake, na endesha injini mpaka oili, siyo maji peke yake, iwe imepata moto kweli. Maji hufika joto la kazi mapema, oili huchelewa. Kanuni ya mafundi wengi ni takriban bar 0.7 kwa kila mizunguko 1,000, maana yake kwenye mizunguko 3,000 utarajie bar 2 na kidogo au zaidi. Kitabu cha injini yako kikitaja namba nyingine, fuata kitabu. Presha nzuri haithibitishi kwamba kila beringi ni nzima, kwa sababu moja iliyolika kati ya nne inaweza isiishushe sana, lakini presha mbovu inatosha kukufanya uzime gari na usiliwashe tena.

Kipimo cha pili ndicho ninachokiamini kuliko vyote, na wengi hukiruka kwa sababu kinachafua mikono. Mwaga oili kwenye beseni safi, fungua filta na uikate. Tumia kikatio cha bati au mkasi wa chuma, wala usitumie msumeno, kwa kuwa msumeno utamwaga chembe zake ndani nawe utashtuka bure. Kunjua karatasi ya filta kipande kwa kipande, ikamue kati ya vipande viwili vya ubao ili oili itoke, kisha ipeleke juani na uigeuzegeuze polepole. Vumbi jeusi laini ni masizi ya kawaida. Chembe chache sana za fedha, ndogo kama unga, kwenye injini ya kilomita 140,000 hazininyimi usingizi. Kinachotisha ni vipande bapa vinavyometameta ambavyo sumaku haivivuti, na zaidi ya hapo ni rangi ya shaba: beringi nyingi za konrodi zimetengenezwa kwa matabaka, na ukiona shaba ujue tabaka laini la juu limekwisha na krenki inasaga tabaka la chini yake. Sumaku ikivuta vitu, huo ni unga wa chuma, nao unaelekeza kwenye kamshafti, cheni au kuta za silinda.

Ukikuta shaba, habari imekwisha kwa upande wa barabara. Gari livutwe, lisiendeshwe hata hadi gereji ya jirani, na hapo fundi wako wa kwanza atakuwa sahihi hata kama alifika kwenye ukweli kwa njia isiyofaa. Ukikuta filta safi na presha nzuri, weka filta mpya na oili mpya ya uzito uleule ulioandikwa kwenye kitabu, tuendelee.

Hiyo oili nzito uliyoshauriwa usiiweke. Kama tatizo lingekuwa beringi, oili nzito ingeziba nafasi na kunyamazisha mlio kwa wiki kadhaa huku chuma kikiendelea kulika, nawe ungepoteza ishara pekee uliyokuwa nayo. Kama tatizo ni tapeti zinazojazwa kwa oili, nyingi hulia kwa sababu tundu zake ndogo zimeziba au oili inachelewa kuzifikia, na oili nzito huchelewa zaidi asubuhi. Kisha iko turbo, ambayo gurudumu lake huweza kuzidi mizunguko 100,000 kwa dakika likiwa limeshikiliwa na utando mwembamba wa oili. Kuicheleweshea oili wakati wa kuwasha injini baridi ni kumkopa mtu asiyesamehe deni.

Sasa manifoldi. Fanya kazi hii alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, na uwe umeshatayarisha kila kitu kabla ya kuwasha, kwa sababu una dakika chache tu kabla mwanya haujajifunga. Chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu kama wa mkono wako. Ncha moja iweke sikioni, nyingine ipitishe taratibu kandokando ya mahali manifoldi inapokutana na silinda hedi, bomba hadi bomba, halafu mahali turbo inapokaa juu ya manifoldi. Usitie bisibisi hapo. Bisibisi husafirisha mtikisiko wa chuma, nawe unatafuta pumzi. Mvujo ukiupata utajua, maana mlio uliokuwa tak-tak kwa mbali utakuwa pff-pff ndani ya sikio, wenye makali ya kukufanya urudishe kichwa. Jihadhari na feni na mikanda, na nguo yako isining'inie.

Mpira ukikuacha na shaka, zima injini, acha ipoe, kisha sukuma hewa ya presha ndogo kupitia mkia wa ekzosi, hata kwa upande wa kupulizia wa mashine ya kufyonza vumbi, na upake maji ya sabuni kwenye maungio yote. Povu litainuka penye mwanya. Angalia pia masizi: mahali panapovuja pana mchirizi mweusi, wakati mwingine mdogo kuliko ukucha. Ninasema ukucha kwa sababu ninaujua. Miaka kadhaa iliyopita nilishusha sampu (bakuli la oili la chini) ya injini moja ya turbo nikiwa nimeapa kwamba ni beringi, nikafungua vifuniko vyote vinne vya konrodi, nikakuta beringi za kijivu laini zisizo na hata mkwaruzo. Bolti za konrodi zilikuwa za aina inayokazwa mara moja tu, kwa hiyo ilibidi ninunue mpya kabla ya kuzirudisha. Mlio wenyewe ulitoka kwenye stadi (bolti isiyo na kichwa) ya mwisho kabisa ya manifoldi, iliyokatikia ndani ya silinda hedi upande wa nyuma ambako jicho halifiki bila kioo. Stadi za miisho ndizo hukatika mara nyingi, kwa kuwa manifoldi hurefuka kwa joto kuanzia katikati kwenda pembeni, na kwenye gari kama lako inabeba pia turbo nzito kuliko ile iliyokusudiwa. Kama hawakukufungia mhimili wa kuishikilia turbo kutoka kwenye bloku, hilo peke yake linaeleza mengi.

Ukishathibitisha mvujo, usikimbilie kukaza nati tu. Manifoldi itolewe, uso wake ulazwe kwenye rula ya chuma iliyonyooka ili kuona kama ulipinda wakati wa kuchomelewa, usawazishwe ikibidi, gasketi ya matabaka ya chuma na stadi mpya zifungwe, na nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni kwa spana yenye kipimo. Mvujo huu una madhara zaidi ya kelele. Kati ya pigo moja la moshi na jingine, mwanya huvuta hewa ya nje. Sensa ya oksijeni ikiiona hewa hiyo hudhani petroli ni kidogo, na kompyuta huongeza petroli isiyohitajika. Moshi wenyewe una kaboni monoksidi, na unaweza kupenya hadi ndani ya gari.

Ikiwa mpira na sabuni havikuonyesha kitu, njia nyepesi ya kubaini silinda inayolia ni kuchomoa waya wa nozeli moja kwa wakati huku injini ikinguruma bila kukanyagwa. Sisemi waya wa koili, kwa sababu ukizima cheche na kuacha petroli iendelee kuingia, petroli hiyo mbichi itaenda kuungulia kwenye ekzosi. Mgoto wa beringi hubadilika waziwazi silinda yake inapozimwa, pistoni inayopiga ukuta kwa sababu ya nafasi kubwa nayo hutulia, mvujo wa ekzosi wa silinda hiyo hufifia, na tapeti huendelea kama haikuona kitu. Hiyo pistoni inayopiga ukuta naitaja kwa ukamilifu tu, maana wewe una pistoni za kiwandani. Wanaoisikia kila asubuhi ni waliofunga pistoni za kufua za aloi ya 2618, ambayo hutanuka sana kwa joto na hivyo hupewa nafasi kubwa zaidi injini ikiwa baridi.

Tuje mlimani, ambako ndiko hofu yangu iliko. Changarawe kwenye kopo la bati, kati ya mizunguko 2,500 na 3,500, kwenye gia ya juu, injini ikibeba mzigo: maelezo hayo yanaielekea detonesheni karibu moja kwa moja. Sauti yake ni nyembamba na kavu kuliko ya beringi, na kuna sababu ya kifizikia, kwani mawimbi yanayogonga kuta za silinda yenye kipenyo cha milimita 86, kwa mfano, hutikisika karibu mara 6,700 kwa sekunde, wakati beringi hutoa pigo zito la chini. Eneo hilo la mizunguko nalo si la bahati mbaya. Hapo ndipo turbo inapojaza silinda kwa upepo mwingi huku pistoni ikitembea polepole, hivyo mchanganyiko hupata muda mrefu wa kubanwa na kuchemka kabla moto wa plagi haujaufikia. Kutoka bar 0.8 hadi 1.4 juu ya hewa ya kawaida maana yake ni kwamba shinikizo kamili limetoka 1.8 na kuwa 2.4, yaani theluthi moja zaidi, juu ya pistoni zilezile na mgandamizo uleule wa kiwandani.

Toa plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wa silinda, na uziangalie kwa kioo cha kukuzia. Kwenye kaure nyeupe inayozunguka ncha, detonesheni huacha vidoti vyeusi kama pilipili iliyosagwa, na ikiwa imezidi utaona vidonge vidogo vinavyong'aa kama fedha. Hivyo vya fedha ni aluminiamu, na ndani ya silinda aluminiamu iliyo karibu zaidi ni ya pistoni. Ukiviona, gari lisiguswe tena mpaka ramani ya kompyuta ishushwe. Kaure iliyopasuka au ncha iliyoyeyuka ina maana hiyohiyo. Plagi zenyewe zikiwa bado ni za joto la kiwandani, kwa presha ya 1.4 zinapaswa kubadilishwa ziwe baridi zaidi kwa hatua moja, pengine mbili.

Kisha omba rekodi za kompyuta. Gari liendeshwe mara moja kwa presha ya chini kabisa ambayo springi ya westigeti (mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbo ili presha isizidi) inaruhusu, huku zikirekodiwa taimingi ya cheche (wakati plagi inapowasha), masahihisho ya sensa ya noki, joto la hewa inayoingia, presha ya turbo na uwiano wa hewa na petroli. Changarawe zikinyamaza kwa presha hiyo, au zikinyamaza kwa presha ileile baada ya kuweka petroli ya oktani ya juu zaidi, au baada ya kurudisha taimingi nyuma kwa digrii 3 au 4, huna haja ya ushahidi mwingine kwamba ni detonesheni. Kuhusu uwiano, petroli safi huungua kikamilifu kwa sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, lakini injini ya turbo ikisukuma upepo wa kiwango hicho huhitaji petroli ya ziada ya kupooza, na wapangaji wengi hulenga kati ya 11 na 12. Rekodi ikionyesha 13 pale mlimani, umepata mkosaji. Ila kumbuka mvujo: ukiwa kabla ya moshi kufika kwenye sensa unaweza kupotosha hata usomaji huu, na ndiyo maana manifoldi itengenezwe kwanza na kompyuta ipangwe baadaye.

Kuna swali moja ambalo nataka umuulize aliyepanga kompyuta yako, na umuulize ana kwa ana: je, alipunguza usikivu wa sensa ya noki? Sensa hiyo ni sikio lililofungwa kwenye bloku, na halijui tofauti ya detonesheni na makelele mengine yenye mtikisiko wa karibu. Mvujo wa ekzosi unaopiga tak-tak, nozeli kubwa zenye kelele, au mipira ya injini iliyobadilishwa kuwa migumu, vyote vinaweza kuidanganya, na kompyuta inapodanganyika hurudisha taimingi nyuma na gari hukosa nguvu. Mpangaji asiye na subira huona gari limekosa nguvu, hatafuti kelele inatoka wapi, huizibua njia kwa kuliziba sikio. Gari hurudi na nguvu zote, mwenye gari hufurahi, na siku detonesheni ya kweli inapokuja hakuna anayeisikia isipokuwa dereva aliyeshusha kioo mlimani. Nashuku hicho ndicho kilichokupata, kwa kuwa kompyuta inayosikia vizuri ingerudisha taimingi nyuma kabla wewe hujaweza kuisikia changarawe kwa sikio lako.

Zipo sababu nyingine za detonesheni zinazostahili kuangaliwa: intakula (kipoozaji cha hewa inayotoka kwenye turbo) ndogo iliyoachwa ya zamani huku upepo ukiongezeka, na oili inayoingia kwenye hewa kupitia bomba la kupumulia la injini. Presha ikipanda, moshi unaopenya kwenye ringi za pistoni huongezeka, hubeba mvuke wa oili hadi kwenye mabomba ya turbo, na oili ikichanganyika na petroli hushusha uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Ukikuta mabomba ya intakula yamelowa oili, fungisha chombo cha kuinasa. Pima pia mfumo wa hewa kwa kuujaza presha isiyozidi bar 1, kifuniko cha oili kikiwa wazi, kwani bomba linalovuja hulazimisha turbo kufanya kazi zaidi na kupasha hewa moto bure.

Kwa kuwa gari limeshaendeshwa likiwa katika hali hiyo, pima afya ya silinda kwa kusukuma hewa kupitia tundu la plagi na kuangalia asilimia inayopotea. Chini ya 10 ni nzuri, zaidi ya 20 ni tatizo, na silinda moja ikiwa mbali na wenzake ni tatizo hata kama namba yake si kubwa sana. Sikiliza hewa inatokea wapi: ikitoka kwenye tundu la kujazia oili, ringi au kingo za pistoni zinazoshikilia ringi zimeanza kuvunjika, na hapo ndipo pistoni za kawaida huanzia kushindwa chini ya detonesheni.

Milio mingine ya magari ya namna hii naipita haraka, maana haifanani na yako: kilango cha westigeti kinachotetemeka ukikanyaga kidogo, bati la kukinga joto lililolegea, upepo unaorudi nyuma kwa stu-tu-tu unapoachia mafuta, na filimbi inayopanda na turbo. Filimbi ikigeuka kuwa king'ora, toa bomba la hewa na ushike shafti ya turbo iliyopoa. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida kwenye beringi za kuelea, lakini kusogea mbele na nyuma kunakosikika kwa vidole, au ncha za mapezi zilizokwaruza ukuta, kunahitaji turbo mpya.

Manifoldi ikishatengenezwa na plagi mpya zikishawekwa, mwambie mpangaji arudishe usikivu wa sensa kama ulivyotoka kiwandani, aanzie bar 1.0, apande kidogo kidogo akitazama masahihisho ya noki, na akuruhusu kukaa pembeni kuyaona. Pistoni za kiwandani huenda zikagoma kabla hajafika 1.4, nawe itabidi ukubali namba zitakapoishia. Asipotaka kukuonyesha rekodi, tafuta mwingine.